Trekta Ndogo ya West Nile: Jinsi ya Kupima Chapa

Mwenye fedha ya trekta ndogo mjini Arua hakosi wa kumshawishi. Huyu atasifu Massey Ferguson, yule Mahindra, mwingine Sonalika au Kubota, na dalali atakuja na Iseki iliyotumika Japani, rangi inang'aa. Wasikilize wote, halafu upime mwenyewe. Chapa nzuri huku kwetu ni ile inayofungulika, inayopata spea na inayoshika udongo wetu. Tuanze na spea, kwa sababu ndiyo wanunuzi wengi huikumbuka wakiwa wamekwisha kulipa.

Duka la spea kwanza

Kutoka Kampala hadi Arua ni karibu kilomita 500, na Koboko iko mbele zaidi. Oili sili ikipasuka katikati ya Aprili, ukiingoja itoke Kampala, mvua haikungoji. Kabla hujaenda kuona trekta yoyote, zunguka maduka ya spea na karatasi yenye vitu vitano: filta ya dizeli, filta ya oili, sahani ya klachi, nozeli, na oili sili za eksele ya mbele. Usiulize kama "zinapatikana". Uliza kama ziko dukani leo, na bei gani. Kisha nenda gereji, muulize fundi ni injini zipi amewahi kuzifungua hadi pistoni.

Hapo ndipo Massey za zamani zinapopata heshima yao. MF 35 za dizeli za baadaye, MF 135 na MF 240 zilitumia injini za ukoo mmoja, Perkins ya silinda tatu. Fundi aliyejifunzia moja hapotei kwenye nyingine, na spea zake zimesambaa Afrika Mashariki nzima.

Jihadhari na maneno ya "hii na ile ni kampuni moja". Mahindra ilinunua Swaraj mwaka 2007. Kubota imeshika Escorts, wenye Farmtrac na Powertrac, tangu 2022. Hiyo ni habari ya wenye hisa; haisemi kwamba filta ya moja itakaa kwenye nyingine. Soma kibati kilichopigiliwa kwenye injini, uandike namba, uende nayo dukani.

Farasi za kwenye karatasi na uzito wa kwenye udongo

Muuzaji atakutajia nguvu ya injini. Wewe uliza nguvu inayofika kwenye shafti ya nyuma, ile mafundi wanaiita PTO. Kwa kawaida hiyo hupungua kwa asilimia 15 hivi: injini ya farasi 40 inakupa kama 34 za kuzungushia mashine ya kupukuchua mahindi. Hakikisha pia shafti inafika mizunguko 540 kwa dakika, maana mashine nyingi zimeundwa kwa kasi hiyo.

Katika kulima, farasi peke yake hazivuti. Uzito na tairi ndivyo vinavyoshika ardhi. Kubota ndogo nyingi, na karibu trekta zote zilizotumika Japani, ziliundwa kwa mashamba ya mpunga: nyepesi, zenye rotaveta nyuma. Mabondeni kwenye udongo laini zinafanya kazi safi. Kwenye ardhi iliyokauka tangu Desemba, yenye visiki, tairi zinazunguka na trekta haiendi. Kwa shamba la visiki na mawe chukua plau ya visahani, maana kisahani hupanda juu ya kisiki pale ambapo plau ya bapa ingenasa na kuvunjika.

Kipimo cha tairi kuteleza ni chepesi. Weka alama ya chaki kwenye tairi la nyuma. Endesha bila kushusha plau hadi tairi lizunguke mara 10, upime umbali. Rudia mizunguko hiyo 10 huku unalima. Kama kwanza ulipata meta 40 na sasa umepata 34, umepoteza asilimia 15, na hapo ndipo mwisho wa kuvumilia. Ikizidi hapo, ongeza uzito au tafuta trekta nyingine.

Dizeli ya jerikeni

Si kila lita ya dizeli shambani hutoka kwenye pampu safi. Nyingine hufika kwa jerikeni, na maji ndani yake. Pendelea injini yenye pampu ya dizeli ya kawaida isiyoongozwa na kompyuta, na kikombe cha kioo kinachokuonyesha maji yakitulia chini. Trekta mpya za masoko ya Ulaya na Marekani zenye chujio la moshi na vifaa vya elektroniki ziache, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa.

Ukinunua iliyotumika

Fika asubuhi bila kutoa taarifa, uguse injini. Ikiwa ya moto, mwenyewe ameiwasha mapema kuficha ugumu wake wa kuwaka. Baada ya kuwaka, moshi wa buluu ni oili inaungua, kwa hiyo ringi zimechoka. Mweusi usiokwisha ni hewa haba au nozeli mbovu. Fungua kifuniko cha kutilia oili injini ikinguruma: mvuke ukisukuma kwa nguvu, hesabu gharama ya ovahoo. Oili ya gia yenye rangi ya maziwa ina maji. Nyanyua plau, zima injini, subiri robo saa. Plau ikishuka, haidroliki inavuja ndani. Usiiamini saa ya injini kuliko pedali zilizolika. Muombe pia mwenyewe daftari la kubadilisha oili. Mali bila daftari huisha bila habari.

Uamuzi

Anayelima kwa kukodishwa na kuvuta tela kiangazi, katika barabara ya Vurra hadi Oraba, achukue trekta nzito ya farasi 40 hadi 50, Massey au Mahindra, kwa sharti kwamba ile karatasi ya vitu vitano imejibiwa Arua. Mwenye bonde la mpunga au bustani ya mboga atafaidika na Kubota nyepesi inayovuta kwa magurudumu manne. Ya Japani iliyotumika imfae mwenye shamba dogo lake mwenyewe. Kwa kazi ya kukodisha haifai. Na kwa chapa yoyote, usimalize kulipa kabla haijalima ekari moja ya shamba lako, tangi limejazwa hadi mdomoni kabla na kujazwa tena kwa kipimo baada. Muuzaji akikataa jaribio hilo, ondoka.