Sifa ya Mchuzi wa Obambla

Miongoni mwa kazi za mikono zinazostahiki kusifiwa, na ambazo aghalabu husahauliwa kwa sababu hufanyika jikoni na athari yake huliwa ikaisha siku iyo hiyo, mimi naitanguliza kazi ya kupika mchuzi wa obambla, yaani ngege aliyepasuliwa na kukaushwa juani, kama wanavyoupika akina mama wa Kombewa na wa ufuko wote wa Seme, kaskazini ya Ghuba ya Winam katika Ziwa Victoria.

Ustadi wake huanza mbali na jiko. Samaki hupasuliwa, akatolewa matumbo, akafunuliwa kama kitabu, kisha akaanikwa. Ngege wa asili ameadimika tangu uvuvi ulipozidi na samaki wageni, mbuta na nyamami, walipotiwa ziwani katika miaka ya 1950. Lakini maarifa hayakupotea pamoja naye, kwani akina mama waliyahamishia kwa nyamami, ambaye akiwa mnene huchanjwa minofu ili jua lipenye.

Jua likisha kumtoa maji, ladha yote hujikusanya katika nyama iliyokaza, na ndiyo sababu mchuzi wake una uzito asioweza kuutoa samaki mbichi, hata awe ametoka ziwani alfajiri ile. Wako wanaoudharau mchuzi huu kuwa ni chakula cha dhiki, kwa hoja kwamba wazee walikausha samaki kwa kukosa barafu. Hoja hiyo siikubali hata kidogo. Wapishi wa Canton, kusini ya Uchina, ambao supu yao ya wonton, yaani vifuko vyembamba vya unga vilivyofumbatishwa nyama na kamba, imesifika duniani, hawaridhiki na mchuzi wa mifupa peke yake, bali huutia samaki bapa wa baharini aliyekaushwa, na hakuna awaambiaye kuwa wanapika ufukara. Haki iyo hiyo naidai kwa Kombewa.

Jikoni, jambo la kwanza ni kuutawala moto. Obambla huoshwa, akarowekwa katika maji moto hata alegee, kisha akatiwa katika chungu, ambacho Wajaluo hukiita agulu. Na kwa kuwa mchemko wa nguvu humvunja, vimiba vikatapakaa mchuzini, kuni huvutwa nje moja moja mpaka chungu kikatokota polepole. Vitunguu na nyanya hufuata, kwa kiasi. Bizari sioni haja yake, kwani hufunika kile kilichotafutwa juani kwa siku kadhaa. Maziwa hutiwa mwisho kabisa, moto ukiwa umekwisha kupoa, maana yakikutana na mchemko mkali na uchachu wa nyanya hukatika. Hapo ndipo mpishi hodari hupambanuka na mwenye pupa, wala hapana hila ya kuuficha mchuzi uliokatika: sahani ikisha kuwekwa mbele ya wageni, kando ya ugali wa mtama, kila mwenye macho huuona.