Kuitambua Sentensi Nzuri ya Kutendwa katika Kiingereza

Ukikabidhiwa ukurasa wa Kiingereza uupime, usianze na msamiati mzito. Tafuta kwanza neno "were". Katika sentensi ya kutendwa ya wakati uliopita yenye nomino ya wingi, neno hilo dogo ndilo linalobeba wakati na wingi kwa pamoja. Kitenzi kikuu kinacholifuata, "written", "stolen" au "built", hakigeuki hata kidogo, barua iwe moja au ziwe elfu. Wafaransa hukipatanisha kitenzi chao cha namna hiyo na jinsia na idadi ya nomino. Waingereza wameliachia "were" kazi yote. Likikosewa, mara nyingi hakuna neno jingine la kuiokoa sentensi.

Msomaji wa Kiswahili ana faida hapa, na ni vizuri aitumie. Tangu utotoni tumezoea kusema nyumba ilijengwa, nyumba zilijengwa: nomino imetulia, idadi tunaambiwa na kiambishi. Kiingereza nacho kina nomino chache za aina hiyo. "The sheep was stolen" maana yake ameibiwa kondoo mmoja. "The sheep were stolen", wameibiwa zaidi ya mmoja. Mwandishi stadi hukiamini kitenzi hapo. Haongezi "many" wala "all" kwa hofu kwamba msomaji hatauona wingi.

Sentensi inaporefuka ndipo ustadi unapojulikana. "The list of candidates were approved" imepotoka, kwa kuwa kilichoidhinishwa ni orodha. Sikio la mwandishi limevutwa na wagombea waliosimama karibu na kitenzi. Ilipaswa kuwa "was". Mtego mkali zaidi uko kwenye jozi hii: "A number of houses were burnt", na "The number of houses was reduced". Katika ya kwanza, "a number of" ni sawa na kadhaa yetu, na nyumba ndizo zinazotawala kitenzi. Katika ya pili, kilichopunguzwa ni idadi yenyewe. Mwandishi akipita hapo bila kuteleza, mimi humsoma aya zinazofuata kwa imani zaidi.

Kuna kosa ambalo ni letu hasa. Katika ripoti na barua za ofisi za Afrika Mashariki utakuta "The equipments were delivered" au "The furnitures were repaired". Chanzo chake kinaeleweka: kwetu vifaa vililetwa, na vifaa ni wingi. Kiingereza sanifu hulihesabu neno "equipment", pamoja na "furniture", "information" na "advice", kama nomino isiyohesabika, kwa hiyo husemwa "The equipment was delivered" hata kama yamekuja malori matatu. Najua matumizi haya yameenea kiasi kwamba wengine huyaita sehemu ya Kiingereza chetu. Katika maandishi yanayodai kuwa sanifu, bado ningeyasahihisha. Kinyume chake ni "police", neno lisilo na alama yoyote ya wingi, lakini husemwa "The police were called".

Kuhusu majina ya vikundi sina mengi ya kusema. Mwingereza huandika "The team were beaten", Mmarekani "The team was beaten", na wote wawili wako sawa. Kosa ni kuchanganya mitindo hiyo katika makala moja. Pia usikimbilie kusahihisha kila "was" inayofuata wingi. Mwaka 1932, Max Schmeling alipopoteza ubingwa wa ndondi wa uzito wa juu kwa Jack Sharkey huko New York, meneja wake Joe Jacobs alipaza sauti: "We was robbed!" Hiyo ni lugha ya mtaa wake, na imedumu jinsi ilivyotamkwa. Mhariri akitia "were" katika kinywa cha Jacobs, atakuwa amemnyamazisha.

Sasa tuje kwenye jambo linalotenganisha maandishi safi na maandishi bora. Chukua "The windows were broken". Je, kuna mtu aliyeyavunja madirisha, au tuliyakuta tayari yako katika hali hiyo? Kiswahili hakituachi gizani: yalivunjwa, yalivunjika, yalikuwa yamevunjika, kila kauli na habari yake. Kiingereza kimezifumbata maana hizo katika umbo moja, hivyo mwandishi analazimika kufanya kwa makusudi kile ambacho kwetu hufanywa na kiambishi. Akiandika "The windows were broken during the night", tendo limepata saa yake. Akiandika "The windows were already broken when the tenants arrived", tunaiona hali waliyoikuta wapangaji. Katika ripoti ya bima au ushahidi wa mahakamani, tofauti hiyo inaweza kuamua nani alipe.

Lugha yenyewe imehangaikia utata wa namna hii. Zamani Waingereza walisema "The houses were building" wakimaanisha nyumba zilikuwa zinajengwa. Umbo la "were being built" lilianza kuonekana mwishoni mwa karne ya 18, na hata mwaka 1870 Richard Grant White wa Marekani alikuwa bado analishambulia kitabuni kama uharibifu wa lugha. Lilishinda kwa sababu lilihitajika.

Angalia pia mgawanyo. "The pupils were given a book" haisemi kama darasa zima limepewa kitabu kimoja au kila mwanafunzi ameondoka na chake. Neno moja linatosha kuondoa shaka: "The pupils were each given a book".

Limebaki suala la mtendaji, ambalo wakosoaji wengi huligusa kwa pupa. George Orwell, katika insha yake ya mwaka 1946, alishauri kauli ya kutendwa iepukwe kila ya kutenda inapowezekana, lakini insha hiyohiyo imejaa kauli ya kutendwa. Strunk na White, katika The Elements of Style, wanapohimiza kauli ya kutenda wanaikosoa sentensi ya majani makavu yaliyolala ardhini, inayoanza na "There were". Mwanaisimu Geoffrey Pullum ameonyesha kwamba hiyo si kauli ya kutendwa hata kidogo. Kuiona "were" hakutoshi. Uliza kama nomino iliyotangulia imetendwa jambo.

Mwezi Januari 1987, akilihutubia Bunge la Marekani kuhusu kashfa ya silaha za Iran, Rais Ronald Reagan alisema "serious mistakes were made". Kisarufi haina dosari: wingi upo, "were" ipo mahali pake. Kasoro ni kwamba makosa yamefanyika na hakuna aliyeyafanya. Mchambuzi wa siasa William Schneider aliliita umbo hilo "past exonerative", yaani wakati uliopita wa kujivua lawama.

Basi jaribu kutia "by" mwishoni mwa kila sentensi ya kutendwa, uone ni jina gani linaloitikia. "The trenches were dug on Monday" ikiongezewa "by the labourers" haipati kitu, maana hakuna aliyedhani mitaro imejichimba. Iache ilivyo. Lakini kumbukumbu za kikao cha kamati ya ujenzi zikisema "Forty bags of cement were sold before the audit", mjumbe aliyechangia saruji hiyo ana haki ya kulijua jina. Mrudishie mwandishi karatasi yake hadi isomeke "were sold by the treasurer", na kama mwenyekiti ndiye aliyeagiza, naye aandikwe.