Jamani, kumbe Bofors ndiyo hii!

Nimepanda USS Alabama, manowari iliyogeuzwa makumbusho kule Mobile, Marekani, na mizinga yake mikuu ya inchi 16 nimeipita kama sikuiona. Kilichonishika ni hiki kidude cha mitutu minne ya milimita 40: Bofors! Kwenye Vita Kuu ya Pili manowari hii ilikuwa na vidude vya namna hii 12, yaani mitutu 48 ikitazama angani. Hebu vuta picha ya hiyo kelele!

Ila utamu wenyewe uko nyuma ya mtutu. Mpakiaji anadondosha kutoka juu klipu ya risasi nne, kila risasi kilo mbili na ushee. Mtutu ukifyatuka unarudi nyuma, na nguvu ya huko kurudi ndiyo inayofungua chemba, inatema ganda na kuweka risasi nyingine tayari. Mota haihusiki hapo hata kidogo! Risasi 120 kwa dakika, kila mtutu, ilimradi wapakiaji wasichoke. Na mitutu ya majini imevalishwa jaketi la maji ili isiungue mapema. Moto wa kuotea mbali.

Halafu, huu si ubunifu wa Marekani. Ni wa Waswidi, na kwao mafundi waliunga vipande wakipitisha tupa hapa na pale hadi vikubaliane; michoro yenyewe iliagiza hivyo. Marekani ilipopata leseni mwaka 1941, kazi kubwa ikaangukia Chrysler, watu wa magari! Wakageuza milimita kuwa inchi, wakaitupa tupa, wakataka kipande chochote kiingie kwenye mzinga wowote. Wakatoa mizinga kama 60,000. Kwangu mimi, hapo ndipo Bofors ilipozaliwa mara ya pili.

Kasoro? Ipo, tena ya maana. Kombora lake lilihitaji kuigonga ndege ndipo lilipuke, na marubani wa kamikaze walipoanza kujirusha kwenye meli mwaka 1944, ndege iliyopigwa bado iliweza kufika. Baada ya vita Wamarekani wakahamia milimita 76, kombora lenye nafasi ya fyuzi ya redio inayolipuka karibu na ndege bila kuigusa.

Hata hivyo, kwa mizinga midogo ya vita ile, sioni wa kuipiku. Ukifika Mobile, anzia hapa. Ile ya inchi 16 haikimbii.