Kauli ya kutendwa inavyomficha mtenda katika pendekezo la mradi

PENDEKEZO la mradi limo katika kundi la tungo za kiuamilifu, sawa na ripoti, kumbukumbu na barua rasmi. Mwanafunzi hufunzwa sehemu zake: mada, usuli, tatizo, malengo, mbinu, ratiba na bajeti. Akizijaza zote, huhesabiwa amefaulu. Nionavyo, tunasahihisha vichwa vidogo na kuacha kusoma sentensi zilizo chini yake.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mwanafunzi anayependekeza kuvuna maji ya mvua shuleni. Anaandika: “Shule inakabiliwa na changamoto ya ukosefu wa tangi. Tangi litanunuliwa, wanafunzi watahamasishwa na upatikanaji wa maji utaboreshwa.” Sarufi ni safi. Lakini kila kitenzi cha sentensi ya pili kimo katika kauli ya kutendwa, na mtenda hatajwi. Nani atanunua? Nani atahamasisha, na kuhusu nini?

Kauli hii haina kosa yenyewe. Tunaposema “duka limevunjwa”, huenda aliyelivunja hajulikani. Katika pendekezo, hata hivyo, mtenda ndiye kiini. Anayeombwa fedha anataka kujua atamuuliza nani mambo yakienda mrama.

Kisha kuna tatizo lenyewe. “Ukosefu wa tangi” si tatizo. Ni suluhisho tu lililotangulizwa neno “ukosefu”. Tatizo ni kwamba wanafunzi hukosa maji ya kunywa: miezi gani, na hupoteza nini wakienda kuyatafuta? Likielezwa hivyo, msomaji anaweza kupima kama kweli tangi ndilo jawabu.

Na maji “yataboreshwa” kwa kiasi gani? Tupige hesabu. Mvua ya milimita 10 ikinyesha kwenye paa la mita mraba 100 huleta lita 1,000, kabla ya kuondoa zinazopotea. Tangi la lita 10,000 basi linahitaji angalau milimita 100 za mvua ili lijae. Wanafunzi 400 wakinywa lita 2 kila mmoja kwa siku, litakauka baada ya siku 12 na nusu. Kumbe tangi hilo pekee haliwezi kuivusha shule kiangazi cha miezi miwili! Neno “kuboresha” lilikuwa limetuficha hilo.

Wapo watakaosema lugha ya kitaaluma huepuka nafsi ya kwanza. Sawa, ila si lazima mwanafunzi aandike “mimi”. “Kamati ya mazingira itasafisha mifereji ya paa kila Ijumaa” ni sentensi rasmi kabisa, na ina mtenda, kazi na wakati.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kama lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mwanafunzi wa leo ndiye kesho atakayekiandikia kikundi cha kijiji chake ombi la fedha, au atakayesoma mpango wa kaunti yake na kutakiwa kutoa maoni. Akizoea “watahamasishwa” na “utaboreshwa” darasani, atajifunzia wapi kuuliza nani, lini na kwa pesa ngapi?

Wahenga walisema mipango si matumizi. Basi mwalimu na apige mstari chini ya kila kitenzi cha kutendwa, kisha aandike pambizoni neno moja tu: nani?