Ukarimu wa Mfalme na Zizi la Raia

Ndugu msomaji, wazee wetu walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Usemi huu unafaa kukumbukwa tusomapo Beowulf, utenzi wa Kiingereza cha kale ambao nakala yake moja iliyosalia ni ya mnamo mwaka 1000. Humo mna Hrothgar, mfalme wa Denmark, aliyejenga ukumbi uitwao Heorot. Huketi kitini akigawa pete na dhahabu, na askari wake hunywa na kumsifu.

Mtunzi ni fundi wa maneno, wala kumbi za namna hiyo si uzushi wake. Huko Lejre, Denmark, baina ya 1986 na 1988 zilifukuliwa alama za ukumbi wa miti wenye urefu wa mita 48 hivi. Na huko Yeavering, kaskazini mwa Uingereza, Brian Hope-Taylor alichimbua kumbi za wafalme wa karne ya 7. Kando yake palikuwa na boma kubwa, ambalo wengi hulifasiri kuwa ni zizi la ng'ombe.

Ng'ombe hao walitoka wapi? Hapa ndipo ilipo kasoro ya utenzi. Unataja kwa kifupi kwamba makabila mengi yaliamrishwa kufanya kazi ya Heorot, kisha unapita. Lakini sheria za Ine, mfalme wa Wessex mwishoni mwa karne hiyo ya 7, hazikuficha. Ardhi iliyokadiriwa kutosha jamaa 10 ilitozwa mikate 300, ng'ombe wakubwa 2 au kondoo 10, mabata bukini 10, kuku 20, jibini 10 na mikunga 100, mbali na asali na pombe.

Basi yule aliyesifiwa kwa kutoa alikuwa kwanza amepokea. Raia alilisha karamu, na shukrani akapewa mfalme. Ndivyo ukumbi ulivyogeuza kodi ikaitwa ukarimu, na askari aliyeshiba akawa mdeni wa bwana wake, si wa mkulima.

Hata hivyo mtunzi hakughurika kabisa, kwani alibashiri kwamba Heorot itateketea kwa moto. Na majengo ya Yeavering nayo yameonekana na alama za kuungua.

Msomaji, usome utenzi huu, kwani ni mzuri. Lakini kila usikiapo mkubwa akisifiwa kwa karamu yake, uliza: ng'ombe katoka zizi la nani?