Kikokotoo cha Kiooni na Silabi za MAGAZIJUTO

Neno kikokotoo limepatwa na bahati mbaya. Liliundwa kwa njia safi: kitenzi kokotoa kilipewa ki- mwanzoni na -o mwishoni, likawa jina la chombo cha kupigia hesabu. Lakini tangu mwaka 2018, ulipozuka ubishi juu ya mafao ya wastaafu wa Tanzania, limekuwa pia jina la kanuni ya kukadiria mafao hayo. Na wasemaji wengi humeza silabi moja, wakasema kikotoo. Mwalimu mstaafu wa Mpanda atajapo kikotoo, hafikirii vitufe. Afikiria fedha zake.

Basi mtungaji wa programu atakaye kuunda mfano wa kikokotoo ndani ya kivinjari hana budi kwanza kueleza aundacho. Kazi yenyewe si kubwa. HTML hupanga vitufe, CSS huvipamba, na JavaScript hupokea kila kibonyezo na kuleta jibu. Ugumu upo penginepo. Kikokotoo kidogo cha dukani hutenda kila tendo mara lipokelewapo, hata 2 + 3 × 4 ikawa 20. JavaScript ikipewa mlolongo huo mzima huleta 14. Asiyeamua ni ipi kati ya hizo aifuate, ameiga sura ya chombo tu.

Mtoto wa shule ya msingi ya serikali mkoani Katavi, ambaye pengine nyumbani alianza na Kibende, Kipimbwe au Kisukuma, hufunzwa hesabu kwa Kiswahili, na utaratibu wake hukumbukwa kwa MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kwa hesabu ile ya kwanza, atapata 14. Lakini akipewa 10 − 3 + 2, naye akalifuata neno silabi kwa silabi, atajumlisha kwanza apate 5. Programu itampa 9, nayo ndiyo sahihi. GA kuitangulia ZI hakuharibu jibu. JU kuitangulia TO ndiko kuharibuko. Hapa hesabu haina kosa. Kosa ni la ufupisho, ambao kwa kupanga silabi mfululizo umetangaza daraja tano mahali penye tatu: mabano; kugawanya na kuzidisha pamoja; kujumlisha na kutoa pamoja, kutoka kushoto. Mtoto aonaye 9 kiooni aweza kudhani ama mashine ama mwalimu wake amekosea, na hakuna kitufe kitakachomweleza.

Yapo na madogo. JavaScript hujumlisha 0.1 na 0.2 ikaleta 0.30000000000000004, kwa kuwa huhifadhi namba kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Tarakimu za mwisho zapasa kukadiriwa kabla ya kuonyeshwa. C na AC zaweza kuwa Futa na Futa yote bila taabu. Toa ndilo neno gumu, kwani katika darasa lile lile hutumika kwa kupunguza na kwa kuleta: toa 3, toa jibu. Likiandikwa juu ya kitufe cha −, lisiandikwe tena juu ya kitufe cha =.