Pongezi kwa Mafundi wa Chumba cha Giza

Ukiikuta picha ya harusi ya miaka ya 1960 ndani ya sanduku la bibi pale Ujiji, itazame vizuri. Ikiwa nyeusi yake bado nyeusi, basi fundi aliyeisafisha aliijua kazi.

Kanzu nyeupe chini ya jua la ziwani ni mtihani. Kwenye karatasi yenye chembe za fedha, kanzu hutaka mwanga zaidi ili mikunjo yake ionekane, na uso wa bwana harusi hutaka kukingwa usizame gizani. Fundi aliyafanya hayo kwa kiganja, chini ya taa nyekundu ya chumba cha giza, akihesabu sekunde kimoyomoyo. Kisha dawa, na maji mengi. Mvivu wa kusuuza aliumbuliwa miaka baadaye, picha ilipogeuka manjano. Kazi hii ilikuwa na wenyewe Zanzibar pia: Ranchhod Oza alifungua studio ya picha, Capital Art Studio, mwaka 1930, mwanawe Rohit akairithi kazi.

Dijitali siidharau. Kompyuta hurekebisha uso na kanzu bila kuharibu karatasi, na nakala ya kumi hufanana na ya kwanza. Ila mashine nyingi za kuchapishia picha za mitaani zimetengenezwa kwa picha za rangi, hivyo kijivu chake huja na ukijani au uwaridi.

Kwa picha mpya, nachagua dijitali. Kwa negativu za zamani, fundi wa chumba cha giza akipatikana, mpe yeye kwanza. Na tafadhali, msizichome negativu za wazee mnapohama nyumba. Zifungeni kwenye karatasi kavu, mbali na unyevu.